Ufa, Kiraka na Toleo: Tarihi ya Kusasisha, kutoka Bandarini hadi Wanging'ombe

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyachukua gatini na kuyapeleka mbali na bahari, ni machache yaliyosafiri kuliko 'pakia' na 'pakua'. Hapo kale yalikuwa maneno ya mahamali na manahodha: chombo hupakia boriti, nazi na karafuu, hupakua tende, chumvi na nguo. 'Pakua' ni neno la jikoni pia, la upawa na sahani. Leo neno hilo hilo limo kinywani mwa kijana wa Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki. Asemapo kwamba anapakua programu katika simu yake, anatumia msamiati wa bandari ambayo huenda hajapata kuiona.

Pembeni mwa neno hilo limezuka jingine, changa zaidi, nalo ni 'sasisha'. Limejengwa juu ya 'sasa', kwa kanuni ileile ya unyambulishaji iliyotoa 'safisha' katika 'safi' na 'sahihisha' katika 'sahihi'. Wako wanaopendelea 'huisha', yaani kutia uhai, neno lenye asili ya Kiarabu. Maneno haya mawili hutumika kwa tendo moja, lakini hayalitazami kwa jicho moja. La kwanza hutazama wakati, na kutuambia kwamba cha jana kimepitwa. La pili hutazama uhai, na kutuambia kwamba kisichotunzwa hufa. Tarihi tutakayoifuata humu inalipa nguvu zaidi neno la pili.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: mwenye simu au kompyuta azisasishe programu zake mara ngapi? Mafundi hulijibu kwa sentensi moja, nao watumiaji wengi hulijibu kwa kubonyeza kitufe cha 'baadaye'. Lakini jibu lolote lina tarihi nyuma yake, na ndani ya tarihi hiyo mna fedha zilizopotea, hospitali zilizorudisha wagonjwa na bandari zilizosimama. Tumeichagua Wanging'ombe, iliyo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwa sababu iko mbali na gati na mbali zaidi na viwanda. Kinachofika huko kimekwisha kupita mikono mingi, na swali la utunzaji huonekana wazi zaidi pale ambapo fundi mkuu hayupo karibu.

Desturi mbili za vyombo

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba chombo cha mbao hakikamiliki siku kinaposhushwa majini. Mbao hukauka na kuvimba, misumari huliwa na kutu, wadudu wa baharini hutoboa tumbo la chombo kimyakimya. Kwa hiyo mafundi wa Lamu, Pemba, Unguja na kwingineko walikuwa na desturi mbili za matengenezo, wala hawakuzichanganya.

Ya kwanza ni desturi ya ufa. Maji yakiingia safarini, mabaharia huyafua na ufa huzibwa palepale, kwa pamba, kwa mafuta, kwa chochote kilichopo. Hakuna nahodha aliyeuambia ufa usubiri msimu.

Ya pili ni desturi ya msimu. Pepo zinapobadilika, baina ya kaskazi na kusi, chombo hupwelewa ufukweni. Tumbo lake husuguliwa, huchomwa kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, hutiwa kalafati mpya baina ya mbao, hupakwa deheni chini na sifa juu. Kubadili mlingoti au kuunda sukani mpya nako kulingoja wakati huo, kwa maana hakuna mwenye akili abadilishaye mlingoti katikati ya mkondo.

Wahenga wametuachia methali kwa kila upande. Kwa anayechelewa wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa anayekimbilia wamesema haraka haraka haina baraka. Mtu akizisikia methali hizi pamoja huweza kudhani kwamba zinapingana. La hasha. Moja ni ya ufa na nyingine ni ya mlingoti. Tutaona kwamba dunia ya kompyuta ilihitaji zaidi ya nusu karne, na misiba kadhaa, kuifikia hekima hii ya ufukweni.

Kiraka cha karatasi

Kompyuta za mwanzo zilipokea amri zake kwa karatasi na kadi zilizotobolewa matundu. Tundu likitobolewa mahali pasipostahili, fundi hakuuandika upya utepe mzima. Alikata kipande cha karatasi, akakigandisha juu ya kosa, kazi ikaendelea. Utepe wa mashine iliyoitwa Harvard Mark I, iliyoanza kazi nchini Marekani mwaka 1944, umehifadhiwa hadi leo ukiwa na viraka vya namna hiyo. Karatasi ilikwisha kutoweka, lakini jina lilibaki kwa kila sahihisho dogo la programu, na Kiswahili kimelipokea bila taabu yoyote: kiraka.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nayo ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine za mahesabu kuleta hasara na mkanganyiko badala ya nafuu, na uhaba wa wataalamu wa nyumbani ukiwa sehemu ya sababu. Katika miaka ya 1980 amri hiyo ilianza kulegezwa. Wengi wameitaja kama kichekesho, ati nchi kuikimbia mashine. Lakini ndani yake mna funzo la kweli: mashine isiyokuwa na fundi wa kuitunza ni deni, hata ikiwa imelipiwa.

Kwa miongo kadhaa sahihisho la programu lilisafiri kama barua, kwanza kwa kanda za sumaku, kisha kwa diski. Mwenye kompyuta aliweza kukaa mwaka mzima bila kupata lolote, wala hakuona ajabu. Mwaka 1998, pamoja na Windows 98, kampuni ya Microsoft ilianzisha huduma ya kuchukua masahihisho kwa njia ya intaneti. Tangu hapo kiraka kiliweza kumfikia mtumiaji siku ileile kilipotolewa. Hata hivyo kufika si kupokelewa. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi kilichopewa jina la Slammer kilienea duniani kwa dakika chache, ilhali kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Mwaka huohuo, tarehe 11 Agosti, kikaja kingine kiitwacho Blaster. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa katikati ya Julai.

Oktoba 2003 kampuni hiyo iliamua kutoa viraka vyake kwa siku moja maalumu, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Hivyo swali letu lilipata jibu lake la kwanza rasmi: mara moja kwa mwezi. Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Wasimamizi wa kompyuta walichoka kushtukizwa siku yoyote. Walitaka siku inayojulikana, wajiandae. Lakini kalenda hiyo ilifichua jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hajalizingatia hadi leo. Kiraka kinapotolewa, hueleza pia ufa ulipo. Mwizi hodari hukichukua, hukilinganisha na programu ya zamani, na kwa kutazama kilichobadilika hujua pa kupenyea. Kabla ya kiraka, ufa hujulikana na wachache. Baada yake, hujulikana na wote. Kwa hiyo anayechelewa kukitia hakai pale alipokuwa, bali amezidi kuwa hatarini.

Njia ya kupanda bara

Wanging'ombe ni wilaya changa, iliyoundwa mwaka 2012 wakati Mkoa wa Njombe ulipotengwa na Iringa, lakini njia zake ni za zamani zaidi. Makambako, mji ulio jirani yake, ni njia panda: hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana na ile iendayo Njombe na Songea. Hapo pia hupita reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa Julai 1976. Viazi, mahindi, alizeti na mbao hushuka kwa njia hizo, na bidhaa za bandarini hupanda.

Programu za kompyuta nazo zilipanda kwa njia hiyohiyo. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake, na bei ilikuwa ya kuogofya. Katika miji ya bara, programu zilifika kwa basi, ndani ya santuri za CD na baadaye ndani ya flash. Anayeweka programu kwa CD huipata ilivyokuwa siku santuri ilipochomwa. Nyufa zilizogunduliwa baadaye humfikia, viraka vyake havimfikii. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi cha Conficker kilionyesha gharama ya hali hiyo. Kiraka chake kilitolewa tarehe 23 Oktoba 2008, lakini kirusi kilijifunza kusafiri kwa flash, na hivyo kikaweza kuziingia hata kompyuta ambazo hazikuwa na intaneti kabisa. Yaani ugonjwa ulipata nauli ya kwenda mahali ambapo dawa haikupata.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Serikali nayo ilitandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Kwa mara nyingine kitu kilishuka pwani kutoka ng'ambo na kupanda bara. Tofauti ni kwamba safari iliyokuwa ya siku mbili ikawa ya nukta chache.

Lakini mkongo kupita jirani si sawa na mtu kuwa na bando. Kwa mkulima au mwalimu anayenunua kifurushi kidogo cha siku au cha wiki, kila sasisho lina bei, nayo hukatwa katika fungu lilelile la kuzungumza na mtoto aliyeko shule au kuulizia bei ya viazi mjini. Ndiyo maana watu wengi wamezima masasisho ya moja kwa moja, wala si kwa ujinga. Ndiyo maana pia ilienea desturi ya kurushiana programu simu kwa simu, kwa Xender au SHAREit, bila kutumia bando. Ni ukarimu wa kweli, lakini una kasoro ya CD zile za zamani: unapokea programu ilivyo katika simu ya mwenzio, na ukuukuu wake wote. Kasoro huzidi pale inaporushwa programu isiyo rasmi, mathalani GB WhatsApp, ambayo si kazi ya wenye WhatsApp, na ambayo mtumiaji wake hana njia ya kujua nani ameishona wala kwa uzi gani.

Fedha isiyoomba ruhusa

Ipo hata hivyo programu moja ambayo wakazi wa nyanda za juu wameitumia kwa miaka mingi bila kuulizwa habari ya kuisasisha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mtu mwenye kitochi hubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, menyu ikaja, akatuma fedha. Menyu hiyo haikai ndani ya simu. Hukaa katika mitambo ya kampuni, na hurekebishwa huko huko; kesho mteja huikuta imebadilika, na simu yake haikuguswa.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na wale wanaodhani kwamba mwenye simu ya bei ndogo ndiye aliye hatarini zaidi daima. Mwenye kitochi ameukabidhi utunzaji wote kwa kampuni na kwa wasimamizi wake. Yeye hulinda namba ya siri na laini yake tu. Mwenye simu janja ameongezewa uwezo, lakini ameongezewa pia wajibu ambao hakuna aliyemweleza dukani. Sasa fedha zake, barua zake na picha za wanawe zimo katika kifaa ambacho yeye ndiye nahodha wake, na ufa ukitokea ni juu yake kuuziba.

Wenye simu za Android walifunzwa hayo mwaka 2015. Julai ya mwaka huo ilitangazwa dosari iliyopewa jina la Stagefright, ambayo iliwezesha simu kuingiliwa kwa ujumbe wenye video tu. Agosti 2015 Google ilianza utaratibu wa kutoa viraka vya usalama vya Android kila mwezi. Lakini Google hukitoa kiraka kwa watengenezaji wa simu, na kila mtengenezaji huamua kama atakipeleka kwa wateja wake, na lini. Kiraka cha Agosti huweza kumfikia mtu Agosti, au Desemba, au kisimfikie abadani.

Misiba mitatu

Mwaka 2017 na mwaka 2024 ilitokea misiba mitatu ambayo, ikisomwa pamoja, hulijibu swali letu vizuri kuliko kitabu chochote cha mafundi.

Wa kwanza ni wa kuchelewa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150 na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, siku 59 kabla. Waliokitia hawakudhurika na ufa huo. Baadhi ya walioumia walikuwa wakitumia Windows XP, ambayo Microsoft ilikwisha kuacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014.

Wa pili ni wa kuamini. Wiki sita baadaye, tarehe 27 Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilienea kutoka Ukraine. Hiki hakikuingia kwa sababu watu walikataa kusasisha, bali kwa sababu walisasisha. Maadui walikuwa wameingia katika mitambo ya kampuni inayotengeneza programu ya mahesabu ya kodi iitwayo M.E.Doc, wakatia sumu ndani ya sasisho lenyewe. Wateja wakalipokea kwa imani. Miongoni mwa waliopigwa ni Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Gati zake katika sehemu mbalimbali za dunia zilisimama, malori yakapanga foleni, makarani wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Kampuni ililazimika kusimika upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku 10, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nakala ya pekee ya rejista kuu ya mtandao wake iliyosalimika ilipatikana Ghana, katika ofisi ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika. Kukatika kwa umeme, jambo tunalolilaani usiku na mchana, safari hiyo kuliokoa kampuni nzima ya meli.

Wa tatu ni wa haraka. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma kwa wateja wake wote kwa pamoja sasisho lenye kosa. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika. Ndege zilibaki viwanjani, benki na hospitali zikapata shida. Hapakuwa na adui wala mwizi. Palikuwa na kosa moja lisilojaribiwa vya kutosha, likapelekwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Anayeutaja msiba wa kwanza pekee husema: sasisha kila mara, papo hapo. Anayeitaja miwili ya mwisho husema: afadhali kukaa kimya. Wote wawili wameshika nusu. Twapaswa kuangalia uzito. Ufa uliotangazwa bila kuzibwa ni hatari ya kila siku kwa kila mtu, na wezi wa kawaida huishi kwa huo. Sasisho lenye sumu au kosa ni msiba mkubwa lakini adimu, nao humpata zaidi anayelipokea dakika ileile na asiye na nakala ya mali yake. Dawa ya msiba wa kwanza ni wepesi. Dawa ya miwili mingine ni kungoja kidogo, na kuwa na nakala mahali pengine, kama Maersk walivyokuwa nayo Ghana, japo wao waliipata kwa bahati.

Fundi ni nani?

Wanging'ombe ina tarihi yake ya utunzaji, isiyohusiana na kompyuta. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa UNICEF, ulijengwa huko mradi mkubwa wa maji ya mtiririko uliokusudiwa kuhudumia makumi ya vijiji. Maji huteremka kwa mabomba kutoka milimani bila mashine. Lakini bomba nalo huziba, hupasuka, na koki huchakaa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba watumiaji wenyewe washiriki katika kumiliki na kuendesha miradi ya namna hiyo. Mwenye spana, kipande cha bomba na ujuzi anaweza kulitengeneza bomba lililojengwa na mgeni, hata kama mgeni amekwisha kurudi kwao. Kadhalika jahazi: fundi wa Pemba aweza kulitia kalafati jahazi lililoundwa Lamu, pasi na kumwomba idhini aliyeliunda.

Simu haiko hivyo. Fundi simu wa Makambako aweza kubadili kioo, betri na tundu la chaji, na kazi yake ni ya thamani. Lakini kiraka cha programu hawezi kukishona, kwa kuwa ufunguo anao mtengenezaji peke yake. Mtengenezaji akiamua kuacha, chombo kizima huanza kuvuja, ingawa mbao zake bado ni imara. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Symbian mwaka 2017, katika Nokia za S40 mwishoni mwa 2018, na katika Android za kabla ya toleo la 5 mwezi Oktoba 2023. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Kila tarehe kama hizo zinapopita, vifaa vilivyochoka katika nchi tajiri hutafuta soko jingine, na mnunuzi wa mitumba huambiwa habari za kamera na betri. Haambiwi kwamba viraka vimekwisha.

Wako waliojaribu kuurudisha ufunguo nyumbani. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na sehemu ya msamiati tunaoutumia leo ilipikwa katika vyungu vya namna hiyo. Lakini programu huru nazo huzeeka. Kila toleo jipya lahitaji tafsiri mpya na mkono wa kuliendeleza, na mkono huo wahitaji mshahara baada ya wafadhili kuondoka. Uhuru wa kushona kiraka haumshonei mtu kiraka.

Serikali zimeingia uwanjani kwa njia nyingine. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, lakini kwa mada yetu moja yatosha: simu bandia haina mtengenezaji anayejulikana, basi haina atakayeizibia ufa. Kwa upande wa watengenezaji halisi, Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu zao za daraja la juu. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu zinazouzwa huko ziendelee kupata masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Simu za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi Njombe na Unguja pia, aghalabu hupewa ahadi fupi zaidi, au hazipewi ahadi yoyote.

Hitimisho

Basi ni mara ngapi? Tarihi imetupa majibu mawili, kama ufukwe ulivyotupa desturi mbili.

Kiraka cha usalama ni cha ufa. Kitiwe mapema, ndani ya siku chache, na kisipite wiki. Anayetegemea bando achague siku moja ya juma, iwe siku ya gulio au siku apatapo intaneti ya bure au ya nafuu, na siku hiyo aanze na mfumo wa simu wenyewe, kivinjari, programu za fedha na za ujumbe. Michezo na mapambo vyaweza kungoja mwezi. Programu asiyoitumia aiondoe kabisa, kwani isiyokuwapo haina ufa. Na kila sasisho litoke kwa mwenyewe, si kwa kiungo kilichorushwa katika kundi.

Toleo jipya la mfumo mzima ni mlingoti. Lisubiri wiki mbili tatu, hata mwezi, mpaka walio mbele wagundue makosa yake na makosa hayo yasahihishwe. Lisitiwe siku ya safari wala msimu wa mauzo, na lisitiwe kabla picha, namba na nyaraka hazijanakiliwa mahali pengine.

Ama simu ambayo viraka vyake vimekwisha, si lazima itupwe. Yaweza kubaki ya redio, ya tochi, ya kusomea. Lakini fedha zihamishwe kutoka humo, kama vile mwenye jahazi bovu alivyoliacha livue karibu na pwani na asilipakie tena karafuu.

Na kwa yule anayesimama mbele ya kibanda cha simu, iwe Makambako penye njia panda au Darajani mjini Unguja, ipo haja ya kuongeza swali moja juu ya yale ya bei, kamera na betri. Amuulize muuzaji simu hii itatunzwa hadi mwaka gani. Huenda muuzaji asiwe na jibu siku hiyo. Wakiuliza kumi, atalitafuta.